Kocha Aliyehesabu Miaka kwa Olimpiki

Kocha hakuwa na kalenda kama ya watu wengine. Ukimuuliza alifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka gani, alikujibu, "Atlanta." Ukimuuliza mke wake alifariki lini, alisema ilikuwa baada ya Sydney, Athene bado. Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya kuhakikiwa pale Base Camp, nikamsikia akihojiwa na ofisa mmoja wa Uganda, kijana mpole aliyekuwa ameshachoka tangu asubuhi.

"Mzee, wewe nakuja hapa lini?"

"Atlanta."

"Mimi hapana uliza wapi. Nauliza lini."

"Ndiyo ninakwambia, Atlanta. Mwaka Burundi ilipata dhahabu."

"Dhahabu? Wewe nachimba dhahabu?"

Foleni nzima ilicheka isipokuwa Kocha. Alimweleza yule ofisa polepole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa kiatu, kwamba mwaka 1996 Burundi ilikwenda kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, na wachezaji wachache ambao wangeenea kwenye meza moja ya chakula, ikarudi na medali ya dhahabu ya mbio za mita elfu tano. Wakati huo yeye alikuwa ameshakimbia vita, mtoto mgongoni na redio mkononi. Habari ile ilimkuta amekaa juu ya gunia la nguo zake katika kambi hii hii. "Nchi yangu ilinifukuza," alikuwa akisema, "halafu mwaka ule ule ikanifurahisha. Sasa mimi nifanye nini na nchi kama hiyo?"

Mimi ni Mkongo wa Kivu ya Kusini, Mfulero kwa baba na kwa mama. Medali za Burundi hazikunihusu ndewe wala sikio. Lakini nchi hiyo ndogo ndiyo iliyonitoa kambini na kunisomesha Mbarara, kupitia mkono wa mzee huyu, na kila ninapotaka kumsifu hadharani kuna jambo linanizuia. Nitamsifu hata hivyo, maana alistahili, na linalonizuia nalo nitalisema.

Uwanja wetu haukuwa uwanja. Ulikuwa mbuga tu upande wa ziwa, na ng'ombe wa Ankole waliupita wanapokwenda kunywa maji, pembe zao juu, hawana haraka na mtu. Chaki ya kuchorea mistari haikuwepo, kwa hiyo Kocha alipita nyumba kwa nyumba na ndoo akiomba majivu. Alikwenda kwa Wakongo, kwa Wanyarwanda, kwa Wasomali, kwa Wahabeshi ambao majivu yao yalinuka kahawa. Wanawake walimzoea hata wakawa wanamwekea pembeni. Mvua ikinyesha mistari inakwenda ziwani, na kesho yake anaanza tena na ndoo. Mama yangu alikuwa akimtania, "Kocha, wengine banaomba unga, weye unaomba majivu. Utakufa na njaa safi kabisa!"

Alituita kwa nchi zetu. Mimi nilikuwa Kongo, rafiki yangu mmoja alikuwa Somalia, na kijana fulani mrefu alikuwa Rwanda. Ukisikia "Rwanda, punguza domo!" ujue si siasa. Mtu mmoja tu alimwita kwa jina lake, binti yake Goreth, ambaye tulikuwa hirimu moja na tulikimbia pamoja kila asubuhi. Ndiye yule mtoto wa mgongoni. Mama yake alikuwa amefariki, na walibaki wawili katika nyumba ile ya udongo yenye shitingi, turubai la msaada, juu, pamoja na redio.

Usemi wake mkubwa ulikuwa huu: "Sisi wote hapa tulikuja tukifukuzwa. Ile siyo mbio. Mbio ni kwenda." Alitufundisha kwanza kuacha kugeuka nyuma. Watoto wa kambi wote hugeuka nyuma wanapokimbia, wakubwa pia. Alikuwa anatembea nyuma yetu na kijiti, na anayegeuka anapigwa kidogo begani. Mimi ilinichukua muda mrefu sana kuacha.

Alikuwa na mambo yanayopingana. Alitukataza soda, na yeye hakuweza kupita dukani bila kununua Fanta. Alisema mwanariadha hategemei uganga wala maombi, lakini siku ya mashindano alifunga, hata maji hakunywa. Alikuwa hodari wa kusema ukweli wa watu wengine: mchungaji wetu aliambiwa mbele ya waumini kwamba tumbo lake limeanza kuhubiri kabla yake. Na kocha huyu, aliyeishi kwa ajili ya mbio, hakuweza kutazama mzunguko wa mwisho. Kengele ikilia aligeuka, akatupa mgongo, akasikiliza miguu. Tulipomuuliza kwa nini, alisema moyo wake ni wa nchi ndogo, hauna wa akiba.

Mambo ya nchi ndogo aliyajua kama Pasta anavyojua Zaburi. Baada ya dhahabu ile ya kwanza, Sydney haikuleta kitu. Athene haikuleta kitu. Sisi tulimcheka, tukasema Burundi ilipata kwa bahati kama kuku kipofu anavyopata punje. Hakukasirika. Alisema nchi kubwa ikikosa inasema wachezaji wake walikuwa wagonjwa, nchi ndogo ikikosa inasema asante kwa kutualika. Alichokipenda kuliko medali ni gwaride la ufunguzi. Kwetu kambini kulikuwa na michezo ya Siku ya Wakimbizi, kila jumuiya ikipita na kitambaa chake, mbio, mpira, kuvuta kamba. Waandaaji walipanga nchi kwa alfabeti, na Burundi ilitangulia. Kocha alipita mbele kabisa na suti ya kahawia ambayo mikono yake ilikuwa mifupi, watu wake wachache nyuma yake, na nyuma yao sisi Wakongo tumejaa kama siafu. "Alfabeti," alisema, "ndiyo ndugu pekee wa nchi ndogo."

Hadithi yake kubwa ilihusu jinsi dhahabu ile ilivyopatikana. Alivyosimulia yeye, nafasi zilikuwa chache, na mwanariadha mmoja aliyeisubiri siku ile maisha yake yote alimwachia mwenzake nafasi yake kwa sababu mwenzake alikuwa na nguvu zaidi. Aliyeachiwa akashinda. Aliyeacha akakaa pembeni. Kocha akifika hapo sauti ilikuwa inamkauka. "Ile medali ina watu wawili," alisema. "Nchi ndogo ikikataa kuachiana nafasi, imekwisha." Tulisikia hadithi hiyo kwenye mvua na kwenye jua. Tuliiamini, mimi bado naiamini.

Mwaka wa Beijing, kabla ya michezo yetu ya kambini, mambo yalikuwa hivi. Kila jumuiya ilikuwa na nafasi moja kwa wasichana katika mbio ndefu. Jumuiya yenye watu wachache iliruhusiwa kuazima mchezaji kwa jirani. Desturi hiyo ilikuwa ya kawaida. Wasomali waliwahi kuazima golikipa wa Kikongo aliyedaka mechi nzima akiimba nyimbo za injili golini. Sisi Wakongo tulikuwa wengi, na kamati yetu ikawa imemchagua msichana mwingine, binti wa mwanakamati. Kocha akaja nyumbani kuniazima.

"Kocha, batu batasema nini?" mama aliuliza. "Mutoto wa Bafulero anakimbilia Burundi?"

"Ninamuazima tu, mama Kongo. Nitamrudisha."

"Unamuazima kama sufuria?"

"Kama sufuria. Lakini mimi sirudishi sufuria tupu."

Mama alicheka, akakubali. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyenuna. Aliniambia mcheza kwao hutunzwa, sasa wewe unayecheza kwa watu atakutunza nani? Nilichotaka ni kukimbia tu. Na nilijua kitu kingine, kama walivyojua watu wote: mwalimu wa michezo kutoka shule moja ya sekondari ya Mbarara angekuja kutazama. Shule ile ilitaka wakimbiaji na ilikuwa tayari kuwasomesha bila karo.

Wasichana wa Kocha tulikuwa wawili, mimi na Goreth, na nafasi ni moja. Alitupima kwa krono yake, ile saa ya kupimia mbio, kila mmoja peke yake, kutoka njia ya ziwani hadi uwanjani. Mimi nilipokimbia, Goreth alikuwa amefichwa nyuma ya zahanati, na Goreth alipokimbia, nilifichwa mimi. Ilikuwa kanuni yake kwamba muda ni siri ya kocha. Alisema mkimbiaji anayejua muda wake anaanza kukimbiza namba, anasahau kukimbiza watu. Hakuna aliyewahi kumuuliza zaidi.

Jioni ile alitukusanya sote, na wazazi waliokuwa wanapita wakasimama. Akasimulia tena ile hadithi ya nafasi iliyoachwa. Alipomaliza akamgeukia binti yake.

"Goreth. Unamwachia Kongo nafasi?"

Goreth alitazama chini. Angesema nini, mbele ya umati ule, na hadithi ile bado inaelea hewani? "Ndiyo, baba," akasema. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa furaha, mikono juu, kama kwamba mtu mwingine ndiye aliyepewa.

Kesho yake alikuja kunisuka. Hakuna aliyemtuma. Nilikaa chini katikati ya magoti yake, akanisuka mistari ya kwenda nyuma ili nywele zisinisumbue kwenye upepo, na hakuvuta hata mara moja. Natamani angevuta. Nilimwambia, "Goreth, si umekasirika?" Akajibu, "Kaa vizuri, kichwa chako kinacheza."

Nilishinda. Nilivaa kitambaa cha Burundi begani, nikapita mbele ya Wakongo wenzangu ambao hawakujua kama washangilie au wazomee, na Kocha alikuwa amesimama na mgongo kwetu, anasikiliza. Mwalimu wa Mbarara alimfuata mama pale pale. "Huyu musichana iko na mbio," alisema. "Sisi nachukua yeye sukulu. Hapana lipa kitu." Mama alipiga magoti kwenye majivu.

Shuleni Mbarara nilikula wali siku ambazo kambini walisubiri mgao. Nililala kitandani. Niliandika herufi zangu vizuri. Na kila nilipofurahi, hata furaha ndogo ya sabuni mpya, Goreth aliingia akilini bila kubisha hodi. Nilijiambia kwamba sikuiba. Kocha alipima, akachagua aliye bora, na aliye bora akaenda. Lakini moyo hauhongwi kwa hoja. Mwaka wa pili goti langu la kulia liliharibika, na mbio zikaishia hapo. Shule haikunifukuza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kufaulu darasani. Kwa hiyo nafasi ile haikuzaa hata medali moja, si ya Burundi, si ya Kongo, si ya Uganda. Ilizaa mwalimu wa shule ya msingi huko Biharwe, mwenye chumba cha kupanga Nyamityobora, anayefundisha watoto kuruka kamba. Mwalimu huyo ndiye mimi.

Goreth aliolewa mapema mno na mfanyabiashara wa mahindi wa Kikagate, mpakani, akaondoka kambini. Wengi walisema ameharakisha. Mimi nilielewa. Baba yake alikuwa akipelekewa sukari na unga kila mara kupitia kwa watu, lakini salamu hazikuja. Nilipokwenda kumsalimia Kocha wakati wa Krismasi nilimuuliza, "Goreth hajambo?" naye akaanza kunieleza habari za London, nani alikimbia, nani aliumia, na jinsi Burundi ilivyokosa tena. Niliona anavyokwepa. Na mimi nilikuwa nafurahi kukwepeshwa, nikaanza kwenda mara moja tu kwa mwaka, kisha hata hiyo nikaipunguza.

Mwaka 2015 Warundi wengi walianza tena kuingia Nakivale, mabasi kwa mabasi. Mtu wa kambini alinikuta sokoni Mbarara akaniambia mzee wako yuko hoi, kifua, na kwamba binti yake amerudi kutoka Kikagate kumuuguza. Jumamosi nilikwenda.

Mlangoni kwake walikuwa wamekaa vijana wageni wa Kirundi, viatu vyao bado vina vumbi la safari, wanasubiri apone awafundishe. Walikuwa wameambiwa kuna kocha. Ndani alikuwa amelala kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha, na Goreth alikuwa anampanguza uso kwa kitambaa. Tulisalimiana. Alikuwa na mwili kidogo sasa, na macho yake hayakuwa na kinyongo, jambo lililonitia aibu zaidi. Kocha akamwomba akateke maji. Ndoo ilikuwa imejaa, lakini Goreth aliichukua akatoka.

"Kongo," Kocha alisema. "Kaa karibu."

Nikakaa.

"Siku ile ya krono. Goreth ndiye alikuwa mbele."

"Mbele ya nani?"

"Yako."

Nilidhani homa ndiyo inasema. Nikamshika mkono, haukuwa na joto.

"Yule mwalimu wa Mbarara alikuwa ameisha niambia," akaendelea, akipumzika kati ya maneno. "Atakayeshinda, tunamchukua. Nikaangalia hii nyumba. Mama yake hayupo. Nikasema, huyu akienda, mimi nabaki na nani? Na redio?"

"Lakini ile hadithi, Kocha. Ya kuachiana."

"Hadithi ni ya kweli. Lakini yule bwana alitoa mwenyewe. Hakuna mtu alimwita mbele ya watu akamuuliza. Mimi niliichukua ile hadithi, nikafunika woga wangu." Alikohoa kwa muda. "Na bado alienda. Umeona? Nilimfungia mlango, akatoka kwa dirisha."

Nilimkasirikia. Sitaki kudanganya, nilimkasirikia mtu mgonjwa kitandani mwake. Kwa nini aniambie mimi? Miaka yote ile nilijibebesha hatia ya mtu aliyepewa, na sasa ananipa ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake. Nilifikiri kitanda changu cha shuleni, cheti changu, chumba changu cha Nyamityobora, vyote vikaanza kunitazama kama vitu vya wageni.

"Goreth anajua?"

"Nimejaribu. Nikifungua mdomo namuuliza kama chai imeiva." Akanishika mkono kwa nguvu nisiyoitarajia. "Mwambie wewe. Wewe ni mwalimu."

Nilimwekea matunda niliyokuja nayo, nikaaga. Vijana wa mlangoni waliniuliza, "Mzee ataamka lini?" Nikawaambia wasubiri.

Goreth, aliyekuwa akisubiri nje na ndoo yake, alinisindikiza hadi njiani zinaposimama bodaboda. Tulipita mbuga ile ya zamani, ambayo sasa nusu yake imejengwa vibanda vya wageni. Nilijiambia, nyamaza. Huyu ana mume, ana watoto, amerudi kumuuguza baba yake kwa moyo mweupe. Ukimwambia utamnyang'anya na hicho. Halafu nikajiambia kwamba hayo ndiyo maneno ya Kocha hasa, ya mtu anayeamua kwa niaba ya mwenzake kisha anaita wema.

Yeye ndiye aliyeanza. "Weye ulikuwa na mbio kweli," alisema. "Mimi nilikuwa napenda tu. Nilikasirika kidogo, ni kweli, lakini nikasema baba alipima."

Nikasimama. Nikamwambia. Nilimwambia yote, krono, mwalimu wa Mbarara, nyumba yenye watu wawili, na sikutafuta maneno laini kwa sababu hayakuwepo. Nikasema na langu pia, kwamba nilichokula kilikuwa chake.

Goreth aliweka chini ndoo aliyokuwa bado anaibeba. Nilingoja atukane, nilingoja alie, na lolote kati ya hayo ningelipokea.

"Kwa kiasi gani?" akauliza.

"Nini?"

"Nilikupita kwa kiasi gani?"

"Hakusema."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Ah, Kongo!" alisema, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wetu nikaona meno yake yote. Kisha uso ukambadilika. Akakaza kitenge chake kiunoni, akavua ndala akazishika mkononi, na akaanza kurudi kwa baba yake kumuuliza. Hatua chache alitembea. Halafu akakimbia, katikati ya vibanda vya wageni, watu wakimpisha, mgongo umenyooka, hageuki nyuma. Mimi nilibaki njiani na ndoo yake, goti langu bovu likiniuma, nikimtazama hadi alipoingia ndani. Kocha alikuwa amesema kweli. Hata siku ile niliyoshinda, nisingemfikia.